Mi, Mara Mbili

Neno lililonishinda ni fupi kuliko yote.
Mwalimu akiuliza nani kafuta ubao,
nani hana kalamu, nani Ayikoru,
mi-mi-mi-mi, kama jenereta ya Ejoyi
ikikataa kuwaka,
na darasa zima likanimalizia sentensi.

Banda la Ejoyi pale Oli lilikuwa mabati na mabenchi sita,
televisheni yenye mstari wa kijani usoni,
shilingi mia tano kuingia,
mia tatu ukileta maji ya kunyunyizia vumbi.
Jumamosi zilikuwa za katuni za Kijapani:
watoto wenye macho kama visosa,
nywele zikipepea hata ndani ya nyumba.
Ejoyi alishika kipaza sauti akatutafsiria,
naye Kijapani hakukijua hata salamu.
Kijana wa upanga akilia juu ya daraja,
Ejoyi alisema: amemwacha mama yake Koboko
na deni la gunia mbili za muhogo.
Tuliamini.
Lile deni tulililia.

Lakini wimbo ukianza, alizima kipaza sauti
akatoka kununua chapati.
Nyimbo zikabaki hazina mwenyewe,
nami nikaziingia kama nyumba isiyofungwa.
Gizani, nyuma ya wavulana wa gereji,
niliimba silabi nisizozijua,
kila konsonanti na irabu yake mgongoni
kama zetu, ka, ki, to, na, mi,
hata hiyo mi,
na hakuna iliyonikwama.

Sikupona, tusidanganyane.
Kesho yake nilinunua sabuni kwa kidole.
Ila nilishajua kinywa si kibovu.
Ndiyo fundi niliyekuwa baadaye:
simu iliyozimika huigongi,
unafuata waya hadi pale umeme unapokatika.

Na yule kijana wa upanga,
aliyepigwa kila wiki,
kila wiki alifuta pua, akasimama, akasema: ore.
Hilo Ejoyi alipatia, sijui kwa bahati gani.
Maana yake mimi, alisema.
Nikaliokota.

Miaka kumi na mmoja.
Kisha Kiyomi, mpima visima vya kambini,
akaja mezani kwangu na simu iliyotumbukia Enyau.
Kiswahili alifundishwa na askari wa zamu:
Wewe! Tengeneza! Haraka!
huku akitabasamu, akidhani ameomba.
Nikamjibu kwa Kijapani chote nilicho nacho,
ore, na kidole kifuani.
Alishika meza, akacheka hadi miwani ikamtoka.
Hiyo, alisema, ni mimi ya wavulana wanaojitapa.
Iko mimi ya msichana. Mimi ya mbele ya mkubwa.
Mimi ya babu.
Watu gani hawa, nikawaza,
wenye sanduku zima la nafsi,
nami nimeshindwa na moja!

Nikamwimbia ubeti wangu.
Akaacha kucheka.
Akaimba wa pili, ambao hatukuusikia kamwe,
kwa kuwa kanda ya Ejoyi ilikatika hapo.
Unasema nini? nilimwandikia kwenye risiti.
Akatazama mabati, akitafuta maneno:
Treni. Mtu. Amesahau mwavuli.
Basi?
Basi.
Miaka yote ile nilidhani ni sala.

Ijumaa alirudi, simu ikawaka.
Nani ametengeneza? Sema!
Ore ilikuwa tayari ulimini, kifua mbele.
Nikaimeza.
Mi, nilisema,
nikavuta pumzi,
mi.
Mara mbili tu, kama linavyoandikwa.

Bei ilinikwama kwenye kumi.
Wateja wawili nyuma yake walishafungua midomo.
Kiyomi hakunimalizia.
Alisubiri, noti mkononi, hadi na tano ikafika.